UZI: Kwa nini mbegu ya kitunguu F1 ni ghali hivi, na kwa nini kitunguu chetu chekundu cha Mang'ola Red kinazidi kuharibika mikononi mwetu wenyewe

bwana_kitalu (mleta uzi)

Wakuu habari za mchana. Kila msimu nikiingia kwenye magrupu ya wakulima nakuta ugomvi uleule, mmoja analia na bei ya mbegu ya F1 (chotara, kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti), mwingine anasema tumewekewa mbegu tasa makusudi ili turudi dukani kila mwaka, wa tatu anasema yeye anakamua mbegu yake shambani na F1 ni utapeli mtupu. Wote wana ukweli kidogo ndo maana hawamalizani. Mimi nimesomea mambo ya bustani na nimekaa sana na wazalishaji mbegu, ngoja niandike kirefu, wa kusoma asome, wa kukimbilia komenti akimbilie.

Msimamo wangu nausema mapema: hela kubwa kwenye mbegu bora inaliwa na muda wa kutafuta wazazi. Na sehemu ya hiyo kazi mkulima wa kitunguu anaiweza kabisa bila maabara, ila wengi wetu tunaifanya kinyumenyume, vitunguu vizuri vinaenda kwenye lumbesa vinauzwa halafu yale makombo yaliyobaki stoo ndo tunapanda ya mbegu.

Tuanze na ua. Kichwa kimoja cha ua la kitunguu kina viua mamia, na kila kiua kina udume na ujike humohumo. Chavua inamwagika kwanza, upande wa jike unakuja kuwa tayari baada ya siku kadhaa, kwa hiyo kiua hakijipandishi chenyewe ila kinapandishwa na wenzake wa kichwa hichohicho au wa mche wa jirani, nyuki na nzi ndo wanafanya hiyo kazi. Sasa we unataka kuchanganya kitunguu hiki na kile upate F1 ya kweli, inabidi kwenye mche wa mama ung'oe udume wa kila kiua kabla hakijamwaga chavua. Kwa mkono, na kibano. Na ukimaliza, kiua kimoja kikijitahidi sana kinakupa mbegu sita, zaidi ya hapo hakuna. Mbegu ya hivyo hakuna mtu angeweza kuinunua.

Kilichofungua njia ni mche mmoja. Mwaka 1925 huko Davis, California, mtafiti anaitwa Henry Jones alikuwa na vitunguu vyekundu aina ya Italian Red, akakuta mche ambao chavua hauna kabisa. Alifunika maua ujizalishe wenyewe, mbegu hamna. Kwa kawaida mche wa namna hiyo ungekufa bila kuacha chochote, ila huu juu kwenye kichwa cha ua ulikuwa unaotesha vitunguu vidogovidogo, jamaa akavichukua akavipanda na mche ukaendelea kuishi mwaka hadi mwaka. Namba yake ilikuwa 13-53. Ule utasa wa 13-53 ndo mpaka leo umetumika kuliko mwingine wowote kwenye mahaibridi ya vitunguu duniani, fikiria hapo.

Ila kuelewa unavyorithiwa ilichukua miaka, maelezo kamili Jones na mwenzake Clarke waliyachapisha 1943. Kwa lugha yetu ni hivi, utasa unatoka kwa mama, upo kwenye mwili wa seli na siyo kwenye kiini, halafu kuna jeni moja ndani ya kiini inayoweza kuufuta. Kwa hiyo mzalishaji anahitaji vitunguu vitatu tofauti. Wa kwanza mama tasa. Wa pili ni pacha wa huyo mama, anafanana naye kila kitu ila yeye ana chavua, kazi yake ni kumpandisha mama ili mama azidi kuzaa mama tasa wengine. Wa tatu ndo baba mwenyewe, anayeleta sifa unazozitaka. Shambani wanapanda mistari mingi ya mama kwa michache ya baba, nyuki wanaachiwa, maua yakiisha mistari ya baba inafyekwa na mbegu inavunwa kwa mama tu. Hiyo ndo F1 uliyoinunua.

Sasa hesabu muda. Kitunguu ni zao la misimu miwili, mbegu inakupa kichwa (kitunguu chenyewe), kichwa kinatakiwa kipate baridi ndo kitoe ua, ndo upate mbegu. Kizazi kimoja kinaweza kula mwaka mzima au miwili. Halafu kitunguu hakipendi kabisa kuzalishwa na ndugu zake, ukikijizalisha mara mbili tatu kinasinyaa, mbegu zinapungua, nguvu inaisha. Na kama umepata kitunguu kizuri cha kienyeji unataka kujua kinaweza kukupa yule pacha wa mama au la, kwa njia ya zamani ya kupandisha na kusubiri ilikuwa miaka 4 mpaka 8. Kujua tu! Miaka ya 1990 ndo ikapatikana njia ya kupima DNA kwenye jani ukajua mche una mwili wa seli wa aina gani, Michael Havey ni mmoja wa walioifanyia kazi sana, alikuwa kituo cha wizara ya kilimo ya Marekani pale Madison, Wisconsin, kituo ambacho kimejikita miaka mingi kwenye mazao haya haya, kitunguu, karoti na tango. Na msidhani ni rahisi, kitunguu kina DNA kubwa balaa, herufi kama bilioni 16 wakati binadamu ana bilioni 3 na kidogo. Kwa nini kitunguu kinahitaji zote hizo mimi sijui.

Maswali karibuni.

---

mama_ruaha

Kaka ubarikiwe, umeniamsha. Mimi nilibakiza vitunguu vya F1 vizuriii vikubwa, nikavipanda vikatoa maua ya kupendeza mpaka watu wanakuja kuangalia, kuvuna sasa, pumba tupu. Mbegu kiganja kimoja. Nikaambiwa hiyo mbegu imewekwa sumu isizae. Ndo hiyo unayoisema?

---

bwana_kitalu

Ndo yenyewe dada, na sumu hakuna. F1 yako imebeba mwili wa seli wa mama yake, mama ni tasa upande wa udume, kwa hiyo F1 nyingi za kitunguu maua yake hayana chavua. Kwenye mazao kama mahindi lazima F1 iwe na chavua maana bila chavua hakuna punje, kwa hiyo wakitumia utasa wanahakikisha baba anaufuta. Kwenye kitunguu sisi tunakula kichwa, ua la nini? Kwa hiyo hawahangaiki kuufuta.

Na kile kiganja ulichopata, chavua ilitoka kwa jirani yako. Kama jirani alikuwa na vitunguu vya mbegu vyeupe au vya shingo nene basi na wewe unavyo sasa. Usipande shamba zima, jaribu tuta moja uone vitakavyotoka, kila kichwa na rangi yake na umbo lake.

---

Mzee wa Lumbesa

Mkuu unaandika vizuri lakini naona kama unawatetea makampuni. Sisi tumekuta wazee wanakamua mbegu Mang'ola, kule Karatu, miaka na miaka, kitunguu chekundu, kikali, kinakaa stoo miezi, wanunuzi wanatoka Nairobi wanakuja kukifuata shambani. Hamna F1 hapo. Leo hiyo Mang'ola Red ukinunua unakuta mchanganyiko, nusu inapiga ua, nusu mapacha, nyingine ina rangi kama ya mweupe aliyeungua jua. Nani kaharibu kama siyo hawa hawa?

---

bwana_kitalu

Mzee wangu shikamoo. Siwatetei, na kwa Mang'ola Red hatubishani, ni kitunguu cha maana sana na hakijatoka kwenye maabara ya mtu. Ila hapo kwenye nani kaharibu tutagombana kidogo.

Mang'ola Red inazaana kwa uhuru, kila mche umepandishwa na mwingine, kwa hiyo haijasimama sehemu moja, kila msimu inakwenda mahali. Inakwenda wapi? Inakwenda kule anakoipeleka anayeamua vitunguu gani vizae. Sasa angalia tunavyofanya. Mche ambao umepiga ua mapema kwenye msimu wa kwanza, kabla haujaweka kichwa, mtu anasema aah, huu si umeshatoa mbegu, ngoja nikamue. Hapo umechagua watoto wa mche wenye haraka ya ua. Rudia misimu mitatu minne halafu ulalamike nusu ya shamba inapiga ua, si umeitengeneza mwenyewe?

Mapacha hivyo hivyo, vilivyogawanyika soko halivitaki kwa hiyo vinabaki, vikibaki vinapandwa. Vilivyochipua stoo navyo, kwa sababu vimeshaanza kuota tunaona ni rahisi kuvizika. Yaani unachagua kitunguu kisichokaa stoo. Wale wazee unaowasema mzee wangu walikuwa wanafanya kinyume cha hivi, na hakuna aliyewafundisha jina la kitaalamu la hiyo kazi.

Utaratibu wenyewe siyo mgumu ila unauma mfukoni. Wakati wa kuvuna, kabla dalali hajafika, pita shambani chagua vichwa bora kutoka katikati ya shamba, siyo pembeni ambako mche umepata nafasi na maji ya ziada ukanenepa kwa sababu hiyo tu. Chukua vya saizi ya kati kwenda kubwa, shingo nyembamba iliyofunga vizuri, umbo moja, rangi moja, kitako kimoja. Ukiweza kata kimojakimoja kichwa kwa juu, theluthi ya juu hivi, utaona ndani kina moyo mmoja au miwili mitatu, wenye mmoja ndo unaowataka, na kukata hakuui, kinachipua vizuri tu ukikiacha kidonda kikakauka. Halafu viweke stoo. Usivipande haraka. Acha stoo ikusaidie kuchagua, miezi miwili mitatu, kinachooza kitupe, kinachochipua mapema kipeleke jikoni. Vilivyobaki vimekaza ndo wazazi.

Na viwe vingi. Watu wanachagua vichwa kumi vizuri wanajiona wamemaliza, wakati kumi hao baada ya vizazi vichache wote ni ndugu na nimeshasema kitunguu na undugu haviendani. Wawe mia mbili au zaidi. Panda mwezi wa 4 au wa 5 hivi ili baridi ya wa 6 na wa 7 ivikute ardhini, bila baridi unakuwa na majani mengi na maua kidogo. Kwenye maua tembea tena, mche wowote unaoonekana mgeni ng'oa kabla haujafungua chavua.

Hii haitakupa F1. Ila misimu kadhaa ya kazi hii Mang'ola Red yako itakuwa inajulikana kwa jina lako hapo kijijini.

---

kijana_wa_kieni

Sasa wadau, salamu kutoka Kenya. Ni kweli kitunguu ya huko kwenu ndio watu wa soko huku wanapenda, wanasema haina maji mingi. Mimi nauliza, mbona nisitoe mbegu Uholanzi? Wao si ndio wakubwa wa mbegu. Kuna jamaa aliniletea paketi nikapanda, ikamea vizuri, majani ndefu, lakini kichwa hakuna. Nimeuzia watu majani.

---

bwana_kitalu

Hahaha karibu ndugu. Hapo mbegu haina kosa, ni jua. Kitunguu kinaanza kuweka kichwa mchana ukifikia urefu fulani. Vya Ulaya ya kaskazini vinasubiri mchana wa saa 14, 15, 16. Hapo Kieni upo karibu kabisa na ikweta, mchana wako ni saa 12 Januari mpaka Desemba, kile kitunguu kinasubiri kiangazi ambacho hakiji, kinatoa majani tu. Sisi tunahitaji vya mchana mfupi, na hivyo vinazalishwa kwa ajili ya sehemu kama India, Texas, Brazil ya kaskazini na huku kwetu. Ile Texas Grano iliyojaa maduka ya pembejeo ilitengenezwa Texas, Texas Early Grano 502 ilitoka 1944, inaweka kichwa kikubwa lakini ni laini, tamu, maji mengi, stoo haikai. Sasa soko la Waamerika lilitaka kitunguu cha kuweka kwenye mkate, wewe unataka cha kukaa gunia mpaka bei ipande. Ndo nasema wazazi wanachaguliwa na mwenye soko, na kama hakuna anayechagua kwa ajili ya soko lako utakula kilichochaguliwa kwa ajili ya mwingine.

Ila usiseme hakuna kabisa, Arusha kuna Kituo cha Mboga cha Dunia tangu 1992, pembeni yake TARI Tengeru, kituo cha utafiti wa kilimo cha serikali, nyanya ya Tengeru 97 na Tanya zilitoka hapo na wakulima wanazijua. Nyanya imependelewa, kitunguu kidogo, na karoti ndo yatima kabisa.

---

kijana_wa_kieni

Umegusa karoti. Huku juu kwa baridi tunapanda Nantes na Chantenay sawa, lakini cousin yangu yuko chini kwa joto, yake inakuwa fupi, nyeupe kwa ndani, majani inaungua. Hakuna karoti ya joto?

---

bwana_kitalu

Ipo, na ndo mfano ninaoupenda kuliko yote kwa sababu haukufanywa na nchi za baridi. Brazil walikuwa na shida hiyohiyo, karoti za Ulaya zikifika kiangazi chenye joto na mvua zinaliwa majani yote na magonjwa ya kuungua, kwa hiyo karoti ilikuwa ya msimu mmoja. Watafiti wa Embrapa, shirika lao la utafiti wa kilimo, wakachukua karoti za kienyeji za huko, zilizokuwa zimezoea joto kwa kukamuliwa na wakulima miaka na miaka, wakaanza kuchagua, zinazosalia majani, zisizopiga ua hovyo, mzizi mnyoofu. 1981 wakatoa karoti inaitwa Brasília. Haikuwa F1, ni ya kuzaana huru, na ilibadilisha kabisa kilimo cha karoti huko, watu wakalima kiangazi. Mwambie huyo binamu aulizie aina za Kuroda pia, zinavumilia joto kuliko Nantes.

F1 za karoti nazo zinatumia utasa kama wa kitunguu, ila wa kwao ni kichekesho, ua linakuwa halina udume kwa sababu pale pa udume pameota petali nyingine. Huo ulipatikana kwenye karoti mwitu huko Massachusetts mwaka 1953, karoti ya porini, gugu. Ndo maana watafiti hawadharau magugu.

---

green_mabwawa

Mtaalamu mimi ni wa matango, grinihausi. Nimenunua F1 kila ua ni jike, dume hata moja hamna, na matango yanakuja tu. Nimepasua tango zima kutafuta mbegu, nimekuta maganda laini. Sasa kama dume hakuna, wao wenye kampuni wanapataje mbegu ya huo mche wa majike matupu? Hili linaninyima usingizi kweli.

---

bwana_kitalu

Swali la mtu anayefikiri hili. Tango la kawaida linatoa madume mengi halafu majike yanafuata. Miaka ya 1950 kwenye tango moja kutoka Korea, aina ya Shogoin, ikaonekana miche yenye majike matupu, na bwana Peterson wa chuo kikuu cha Michigan State akaifanyia kazi, haibridi ya kwanza ya hivyo ikatoka 1962 inaitwa Spartan Dawn. Huyu Peterson baadaye akahamia hapo hapo Madison niliposema, akaendelea na matango, karoti na vitunguu.

Sasa swali lako, bila dume huo ukoo unaendelezwaje? Wanaudanganya mche. Jinsia ya ua la tango inaamuliwa na homoni, etileni ikiwa nyingi inaleta majike. Ukipulizia miche michanga jibereliki asidi (homoni nyingine ya mimea), au dawa zenye madini ya fedha zinazozuia etileni isifanye kazi, mche wa majike matupu unatoa madume kwa muda. Hayo madume yanapandisha dada zao, mbegu inayopatikana yote ni ya ukoo wa majike. Ukiacha kupulizia mche unarudi kwenye ujike wake.

Na hilo lako lina sifa ya pili tofauti kabisa, linazaa tunda bila kupandishwa, ndo maana mbegu ni maganda. Kwa hiyo wewe usikaribishe nyuki humo ndani, wakiingia na chavua ya tango la jirani tunda linavimba upande mmoja na soko linalikataa. Ila wale wa matango ya nje, ya majike yasiyo na hii sifa ya pili, wao lazima wawe na miche michache ya madume pembeni na nyuki, vinginevyo hawavuni kitu, kwa hiyo soma paketi jamani.

---

green_mabwawa

Dah. Na ubwiri unyoya, huu ugonjwa wa majani? Paketi imeandika kinga lakini mvua ikianza majani yanakuwa ramani.

---

bwana_kitalu

Kinga kwenye paketi maana yake ugonjwa unachelewa, na dhidi ya aina ya ugonjwa waliyoijaribu. Marekani walikuwa na kinga ya ubwiri unyoya iliyotoka kwenye tango la India, ikawabeba miaka mingi mpaka watu wakasahau kama huo ugonjwa upo, 2004 ukaja na nguvu mpya ukafagia mashamba ya upande wa mashariki, ile kinga ya zamani ikawa kama haipo, mpaka leo wanatafuta nyingine na kuzirundika pamoja. Wewe humo ndani punguza unyevu, fungua pembeni asubuhi, maji yapite chini yasiguse majani.

---

Chakaramu

Mimi silimi ila nasoma tu. Kuna kitunguu kisicholiza? Wife analia kila siku halafu mama mkwe anadhani nampiga.

---

bwana_kitalu

😂😂 Kipo mkuu. Wajapani wa House Foods waligundua kimeng'enya kinachotengeneza ile hewa ya machozi, wakapewa tuzo ya Ig Nobel 2013, ile ya kuchekesha, halafu wakatoa kitunguu chao cha kutoliza. Marekani kuna kinaitwa Sunions, hicho wamechagua na kuchanganya kawaida zaidi ya miaka 30. Huku hakijafika, mpe mkeo kisu kikali na umwambie mama mkwe ukweli.

---

Mzee wa Lumbesa

Marahaba kijana, hapo kwenye mapacha umenikamata, tumefanya hivyo wote. Sasa nichague mia mbili, sawa, jirani yangu ana vitunguu vya mbegu vya aina nyingine mita mia kutoka kwangu. Si kazi bure?

---

bwana_kitalu

Kazi bure kabisa mzee, nyuki haangalii mpaka wa shamba. Inatakiwa kilomita moja au zaidi kati ya mbegu na mbegu. Vitunguu vya kula visivyo na maua havina shida, ni vya mbegu tu. Kwa hiyo hii siyo kazi ya mtu mmoja, kaeni na majirani mkubaliane block nzima ipande mbegu ya chanzo kimoja, au huyo jirani apande yake msimu mwingine.

Na kuuza: kwa matumizi yako hakuna wa kukuuliza, ila ukitaka kuuza kama mbegu lazima upitie TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, kuna daraja la mbegu ya kuazimiwa ubora kwa ajili ya wakulima wadogo, wanakukagua shamba na unauza eneo lako tu siyo nchi nzima. Na mbegu ya kitunguu haikai, ikiwekwa kwenye joto na unyevu mwaka wa pili uotaji unaanguka vibaya, kausha sana, weka kwenye chombo kisichopitisha hewa.

---

mama_ruaha

Mzee wa Lumbesa, na mimi jirani yangu wa hapa anataka kukamua nyeupe mwaka huu 😅 naenda kumwona leo jioni kabla hajazika.

---

Mzee wa Lumbesa

Nenda na mtungi wa mbege mama, mdomo mtupu hapo hautoshi. Kijana, vichwa vyangu vipo stoo tayari, nitaviacha mpaka wa 4 kama ulivyosema. Nikianza kukata vya kuangalia moyo nitaweka picha hapa.